Ushindi wa Sita

Jumatatu, 29 Septemba

Daftari hili nilipewa kwenye kongamano la akina mama wa kanisa. Lina ua kwenye jalada na aya ya Biblia kila ukurasa, na kwa miaka mitatu sijalitia wino. Leo nimelifungua kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu. Naandika Kiswahili makusudi. Lenny anakisikia lakini hawezi kukisoma, na Wanjohi anaweza kukisoma lakini ni mvivu.

Jambo lenyewe ni hili. Tuna tiketi za kwenda nyumbani tarehe kumi na tatu Desemba: mimi, mume wangu Wanjohi, na Lenny. Mama yangu ana miaka tisini na mmoja, yuko Mukurweini, na macho yake yanazima polepole. Daktari wa Nyeri alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Lenny ni mwanangu wa pili wa kiume, kwa hivyo kwa desturi yetu Wakikuyu alipewa jina la baba yangu, Nderitu. Na kwa desturi hiyo hiyo, mama humwita Lenny "mume wangu". Alimwona mara ya mwisho akiwa na miaka minne. Sasa ana ishirini na mmoja na kilo mia moja na tano. Kila Jumapili nikipiga simu, swali la kwanza ni lile lile: "Mume wangu anakuja lini? Nataka nimwone bado naona."

Sasa jana Wanjohi anakula ugali, akasema bila hata kuinua kichwa, "Team ikifika six wins, Lenny haendi popote December."

Lenny anachezea chuo chake kule Houston, mbali na hapa kwetu Euless, ule mpira wa Kimarekani wa kukumbatiana na kuangushana. Timu inaitwa Herons, mimi nawaita Makorongo. Msimu una mechi kumi na mbili. Timu ikishinda sita inaalikwa mechi moja ya ziada, wenyewe wanaiita bowl, na huchezwa mwisho wa Desemba. Wachezaji hubaki chuoni wakifanya mazoezi mpaka siku hiyo. Makorongo wamecheza nne, wameshinda mbili. Zimebaki nane.

"Na wakishinda tano?" nikauliza.

"Wanaenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa mama zao," akasema, akacheka.

Sikucheka. Leo nimechapisha ratiba yao kliniki, wakati mashine zinawasafisha damu wagonjwa wangu wa figo, nikaibandika kwenye friji. Wanjohi ameiona akafurahi sana. Anadhani hatimaye nimependa mpira.

Alhamisi, 2 Oktoba

Maombi ya akina mama kwa Kagendo. Kagendo ndiye mwenyekiti wetu, Mmeru mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Kwetu, mtu akiwa na jambo lisilosemeka huinua mkono na kusema, "Nina ombi la moyoni," na hakuna anayemchunguza. Nikainua mkono.

"Sister Jerioth ako na ombi la moyoni," Kagendo akatangaza. "Mungu anajua."

Ni kweli anajua. Nilimwomba Makorongo washindwe. Sikuomba mtu avunjike. Niliomba tu wazidiwe, kwa upole.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wameshindwa, 24 kwa 20. Wanjohi hajala.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimempigia mama. Nikamwambia Desemba iko pale pale. Akauliza mume wake anafanya kazi gani huko uwanjani.

"Anainama, mama."

"Anainama anafanya nini?"

Nikagundua sijui. Miaka minne mtoto yuko uwanjani na sijui.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwomba Wanjohi anieleze. Aliinama katikati ya sebule na mto wa kochi, akautupa nyuma katikati ya miguu, ukaangusha picha ya harusi yetu. Kumbe timu ikikwama, humpa mpira mtu mmoja aupige teke mbali. Huyo mpigaji husimama hatua kumi na tano nyuma. Lenny ndiye huinama, akamchungulia kichwa chini katikati ya miguu, na kumrushia. Basi. Anaingia uwanjani mara nane, mara tisa, anainama, anatoka.

"Hiyo ndiyo kazi?"

"Wewe unaona ni rahisi? Jaribu," akasema, akinipa mto. Alikuwa ameshika kiuno.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wameshindwa tena, 38 kwa 14. Wameshinda mbili, wameshindwa nne sasa. Nimepika chapati. Wanjohi akaniuliza tunasherehekea nini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baada ya maombi Kagendo amenishika mkono muda mrefu. "Sister, ndoa ni safari," akasema. Sikuelewa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo nimeelewa.

Mechi ilikuwa na wale wa Oklahoma. Makorongo walikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde nne, wageni wakapiga teke la mbali sana, mpira ukapita katikati ya zile nguzo. Wanjohi akateremka kutoka kwenye kochi hadi kwenye zulia, akalia. Sio kwikwi. Machozi kabisa, mtu mzima wa miaka hamsini na sita anayeendesha lori la mizigo pale uwanja wa ndege.

Wakati huo huo mlango ukabishwa. Ni Mzee Mwita wa kanisani, na wazee wengine wawili, suti na Biblia. Mzee Mwita akamtazama Wanjohi pale chini, akapiga goti moja kando yake, akamwekea mkono begani.

"Lia, ndugu yangu. Machozi ni mwanzo wa toba."

"Mzee, wameniumiza," Wanjohi akasema.

"Nani hao?"

"Wale wa Oklahoma."

Mzee Mwita akanigeukia kwa huruma nyingi, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni wangapi?"

"Uwanjani? Kumi na mmoja."

Nikakimbilia jikoni. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa taulo ya sahani, halafu kicheko kikakatika chenyewe, maana niliona nilichofanya. Ombi langu la moyoni limegeuzwa kuwa ndoa mbaya. Akina mama wamefunga na kumwombea Wanjohi, huyu Wanjohi anayenipashia gari moto asubuhi za baridi, ambaye hata kumtazama mhudumu hotelini anaona haya.

Nikarudi na chai nikawaambia wazee ndoa yetu haina shida.

"Basi hilo ombi ni la nini, dada?" Mzee Mwita akauliza.

"Ni la mama yangu."

Nusu ya ukweli. Nusu nyingine nikaimeza na chai. Wazee wakaomba, wakala mandazi yote, wakaenda. Nikaenda kwenye friji. Mbili kwa tano, zimebaki tano, wanahitaji nne. Nikapitisha kidole kwenye majina. Hawa hawajashinda hata moja. Hawa nahodha wao ameumia. Hawa wenyewe wamekata tamaa. Nimeona kitu ambacho hata Wanjohi hajakiona kwa sababu ya machozi. Mechi ngumu zote zimeisha, na zilizobaki ni nyepesi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Makorongo hawachezi wiki hii, ni ya kupumzika. Lenny aliendesha kutoka Houston jana, amelala kwa saa kumi na moja, amekula chapati tisa.

Mchana akaniita nje kwenye maegesho ya apartment. "Mum, Dad says you've been asking. Come catch."

Akaenda kule karibu na majaa ya takataka, akainama, akanichungulia kichwa chini. Nilitaka kucheka. Kisha kikaja kitu kikali kama jiwe la kombeo, kikanipita katikati ya mikono, kikanigonga kifuani. Ukucha ukavunjika.

"Mum, don't look at me. Look at the ball."

"Nimekuzaa mimi. Kwa nini niangalie mpira?"

Tulirudia mara kumi. Sikudaka hata mmoja. Tukaketi kwenye boneti ya gari lake, kukiwa bado na joto kama Agosti. Nikamwuliza haoni uchungu, kazi yote hiyo na hakuna anayemjua.

"That's the point. If they say my name on TV, I messed up. Four years, Mum, they've never said it."

Jina lenyewe wangelitaja vipi sijui. Tulipoingia nchi hii nilijaza fomu ya shule vibaya, jina la babu likakaa mahali pa jina la baba, na tukaliacha hivyo. Huku yeye ni Lenny Nderitu. Wanjohi hakulalamika hata siku moja.

Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba kwa miaka minne timu haijawahi kufika sita, na huu ni mwaka wake wa mwisho. "I just want one. Then I'm done. I'll go sit with Cucu for a month." Cucu ni nyanya yake, mama yangu.

"Unajua kuhusu tiketi?"

"I know. I told Cucu."

"Ulimwambia nini?"

"Hiyo ni ya mimi na bibi yangu," akasema kwa Kiswahili, akaruka chini kutoka kwenye boneti.

Nilimtazama akiondoka na ile mikono mikubwa ya baba yangu. Nilidhani nampigania mama. Kumbe nimekuwa nikipigana na mtoto. Usiku huu sijaomba washindwe. Sijaomba washinde pia. Nimeomba tu nisamehewe.

Jumamosi, 1 Novemba

Wameshinda, 27 kwa 9. Wanjohi amempigia Mzee Mwita kumwambia.

Jumamosi, 8 Novemba

Wameshinda. Nne kwa tano. Upepo wa kaskazini umekuja, nimetoa makoti.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilitaka kuwaambia akina mama waache lile ombi. Nikafungua mdomo. Nikaona wangeuliza lilikuwa nini, nikaufunga.

Jumamosi, 15 Novemba

Wameshinda, 21 kwa 20! Tano kwa tano, zimebaki mbili, wanahitaji moja tu. Nilijikuta nimesimama juu ya kochi, na viatu.

Jumapili, 16 Novemba

Mama hakuuliza anakuja lini. Ameuliza tu, "Ile ya jana ilikuwa nyumbani au ugenini?" Sijui nani anamweleza. Jicho la kushoto sasa linaona ukungu tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Ugenini, Louisiana, mvua. Dakika mbili zimebaki, Makorongo mbele 17 kwa 16, wamekwama karibu na mstari wao wenyewe. Lenny akaingia. Akainama. Mpira ukaenda juu, juu ya kichwa cha mpigaji, juu ya mikono yake, ukadunda nyuma kabisa, na mchezaji wa wapinzani akaulalia nyuma ya mstari, pointi sita zao. Yameisha.

Na mtangazaji akasema, "Nderitu."

Waliirudia mara nne. Kila mara jina la baba yangu, na kila mara mwanangu ameinama kisha anageuka kutazama ulikoenda. Wanjohi alizima televisheni, hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Nilienda nikaketi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti.

Nikiwa mle simu ikaita kidogo. Ni Kagendo kwenye grupu ya akina mama: "Sister Jerioth, ombi lako bado tumelishikilia. Hatujaacha hata siku moja."

Mungu wangu. Sikuwaambia waache.

Niliomba wazidiwe kwa upole, na wakazidiwa kwa mikono ya mtoto wangu mwenyewe. Najua mimi ni nesi, najua mvua ni mvua na ngozi ikilowa huteleza. Usiku huu ujuzi haunisaidii. Nimempigia Lenny mara sita. Hashiki.

Jumapili, 23 Novemba

Ameshika. Sauti kavu. "It was wet, Mum. It slipped. That's all it is."

"Ni mimi, Lenny. Ni makosa yangu."

"Mum, you were in Euless."

Akaniambia anaenda mazoezini, Jumapili, peke yake, na ndoo ya maji ya kulowesha mipira.

Alhamisi, 27 Novemba

Tulialikwa kwa Kagendo kula bata mzinga na mukimo. Nyumba imejaa. Baada ya sala ya chakula nikasimama kabla sijabadili nia, nikasema yote. Tiketi, macho ya mama, ombi la moyoni, Makorongo.

Kijiko kilianguka mahali.

"Kwa hivyo," Mzee Mwita akasema taratibu, "Wanjohi nilimtubisha bure?"

Watu wakacheka mpaka wakashika meza. Si wote. Everline, rafiki yangu tangu nilipofika Texas, aliniangalia macho yamejaa machozi. "Nilifunga siku tatu juu ya ndoa yako, Jerioth. Siku tatu, na niko na sukari. Kumbe nilikuwa nafunga dhidi ya mtoto wetu?"

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamwambia anisamehe. Akanipangusa uso kwa leso ya karatasi yenye picha ya bata mzinga.

"Jumamosi wanacheza wapi?"

"Nyumbani, Houston."

"Kagendo, ile van ya kanisa iko na mafuta?"

Kwenye gari, karibu na kwetu, Wanjohi alipunguza mwendo. "Mama yako ni mama yangu," akasema. "Ungeniambia tu."

"Ungefanya nini?"

"Ningeomba washindwe pia." Akafikiri. "Lakini moja moja. Si tatu mfululizo, Jerioth. Tatu ni ukatili."

Nampenda huyu mtu.

Jumamosi, 29 Novemba

Akina mama kumi na wawili, saa nne na nusu barabarani, leso za kijani na nyeupe, chai kwenye thermos, Kagendo akiimba kutoka Euless hadi Houston. Tano kwa sita. Mechi ya mwisho. Na mvua, bila shaka.

Sitaandika mechi yote. Makorongo walipata 20, wenzao 17, zimebaki dakika mbili. Wakakwama. Karibu na mstari wao wenyewe, pale pale, kama wiki iliyopita, na maji yakitiririka kutoka kwenye kofia zao. Lenny akaingia akikimbia.

Akina mama wakashikana mikono. Everline akaniuliza, "Tuombe nini sasa? Sema vizuri safari hii."

"Mikono yake ikauke," nikasema.

Uwanja mzima ulikuwa unamtazama mpigaji. Mimi nilitazama mgongo wa mwanangu. Aliipangusa mikono kwenye taulo kiunoni, mara mbili, polepole, kama baba alivyokuwa akiipangusa mikono kabla ya kushika kikombe. Akainama. Mgongo ukatulia kabisa. Kisha ukajikunja, na kelele zikaenda juu na mbali, upande ule mwingine wa uwanja, na nikajua mpira umefika, umepigwa, umeondoka.

Wameshinda. Ushindi wa sita. Mtangazaji alimsifu mpigaji, na kocha, na kijana mwingine aliyeangusha mtu mwishoni. Lenny hakutajwa hata mara moja. Nililia kwa furaha hiyo mpaka Kagendo akaninywesha chai kwa nguvu.

Jumapili, 7 Desemba

Wametangaza. Bowl yao ni tarehe ishirini na saba, Alabama. Tumesogeza tiketi hadi ishirini na nane. Nilimpigia mama.

"Mama, hatuji tarehe kumi na tatu."

"Najua. Mume wangu aliniambia mwezi wa nane, kwamba wakishinda sita atachelewa. Nikamwambia mwanaume akiwa kazini hasumbuliwi. Baba yako alikuwa akienda Nanyuki miezi mitatu, na sikufa. Tumeiombea hiyo timu tangu wakati huo, mimi na akina mama wa kanisa hapa."

Nikakaa chini. "Mama, mimi nilikuwa naomba washindwe."

Akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Pole, mwanangu. Jua linatuchomozea sisi kwanza. Sala yangu huwa imetangulia yako kwa saa tisa."

"Na macho?"

"La kushoto limeenda. La kulia namwekea yeye. Mwambie asikimbie, ashinde tu."

Jumamosi, 27 Desemba

Tumeshindwa, 31 kwa 10. Hakuna aliyelia. Lenny aliinama mara tisa, zote zikafika. Kesho tunapanda ndege.

Jumatano, 31 Desemba. Mukurweini

Asubuhi, uani, jua kali. Mama kwenye kiti chake. Jicho la kulia linaona vivuli, na mtu akisimama kwenye mwanga. Lenny alipiga magoti, mama akamshika uso, masikio, mabega, akayazunguka yale mabega mara mbili.

"Nderitu," akasema. "Sasa nenda pale juani, uniinamie kama kazini."

Lenny akaniangalia. Wanjohi akatoa mpira kwenye begi, kumbe aliubeba. Nikasimama kando ya zizi la ng'ombe, hatua kumi na tano, na rinda langu la safari. Mwanangu akainama juani, akanichungulia kichwa chini, akacheka.

"Look at the ball, Mum."

Safari hii niliutazama mpira. Ulinigonga viganjani, ukabaki.

"Amedaka?" mama akauliza.

"Nimedaka, mama."

"Rudieni. Sikuona vizuri."

Tukarudia. Nikadaka, nikakosa, nikadaka. Kila mara anasema rudieni, sikuona vizuri, na Lenny anainama tena juani, na mama amekunja kiganja juu ya lile jicho moja, ameinua kidevu. Tulirudia mpaka chai ikapoa na viganja vyangu vikawa vyekundu. Mwishowe nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikamwuliza kama sasa ameona.

"Niliona ile ya kwanza," akasema. "Mwambie arudie."